Jagi la Harusi ya Grace

Jagi lile nililifinyanga kwa hasira. Watu wa kijiji chetu cha Fremington hupenda kusema nililitengeneza kwa mapenzi, kwa kuwa lilikuwa zawadi ya harusi ya mdogo wangu Grace, nami huwaacha waseme. Ukweli ni kwamba nilitaka kumkomoa bwana harusi.

Jasper Tucker alikuwa mkulima wa kijiji jirani cha Instow, mwenye shamba zuri la matufaha na mdomo mrefu kuliko shamba lenyewe. Jumapili moja, wiki kadhaa kabla ya harusi, tulipotoka kanisani, alisimama mlangoni pa kiwanda chetu cha ufinyanzi, akachukua jagi la fumbo, lile la kumlowesha asiyejua kulinywea, lililokuwa rafuni, akalitia pombe yake ya matufaha, akainywa yote bila kumwaga hata tone.

"Mzee Digory," akamwambia baba yangu mbele ya watu, "hili nalo ni fumbo? Hata mtoto mchanga angelinyonya. Hebu nifinyangie la wanaume."

Baba alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu majagi yale nilikuwa nikiyafinyanga mimi. Baba alikuwa hawezi tena. Mikono yake ilikuwa imekufa kuanzia kwenye vifundo; akiinyoosha mbele, viganja vinaning'inia kama soksi zilizoanikwa. Huo ndio ugonjwa wetu wafinyanzi. Tunasaga madini ya risasi, tunayachanganya na maji na udongo laini mpaka yawe uji, tunamiminia vyombo uji huo, na tukivichoma unageuka kioo cha manjano kinachong'aa. Ukishakuwa kioo haumdhuru mtu, ndivyo tulivyoamini wote. Lakini ukiwa bado uji, au vumbi lake, unaingia mwilini polepole. Mtu anaanza kuumwa tumbo, anapauka, na baada ya miaka mikono inaanguka.

"Wilmot atakufinyangia," Baba akamjibu.

"Wilmot?" Jasper akanikagua kuanzia aproni hadi viatu. "Haya, shemeji. Tuone."

Utaona, nikasema moyoni.

Fumbo lenyewe halina uchawi. Shingo ya jagi imetobolewa matundu, kwa hiyo ukiliinamisha kama jagi la kawaida, pombe inakumwagikia kifuani na kilabu kizima kinakucheka. Njia ya kweli iko kwenye kishikio, ambacho ndani yake mna mrija unaopanda kutoka tumboni mwa jagi hadi ukingoni, na ukingo nao ni mrija wenye vidomo vitatu. Unaziba vidomo viwili kwa vidole, unanyonya cha tatu. Ila lipo tundu dogo la siri, na usipoliziba hilo utanyonya hewa mpaka macho yakutoke. Wafinyanzi wote huliweka chini ya kishikio, na Jasper alilijua hilo. Mimi nilimchora ndege mdogo ubavuni mwa kishikio, akiwa kati ya ndege wengine kumi na wawili, nikalitoboa tundu langu kwenye jicho lake.

Lilikuwa jagi zuri. Nasema hivyo bila aibu, maana sijafinyanga zuri zaidi tangu hapo. Lilipokauka, zikiwa zimebaki siku tisa harusi ifike, nikaona ufa. Ulikuwa mwembamba, pale kishikio kinapoungana na tumbo. Mfinyanzi mwenye akili akiona ufa wa namna hiyo hulivunja jagi, akalirudisha kwenye udongo na kuanza upya. Lakini jagi halikauki kwa siku tisa, na Jasper alikuwa ameshatangaza kwa kila aliyemjua kwamba binti wa Digory Yeo anaogopa. Nikakoroga uji wa risasi mzito, nikaumimina ndani ya mrija, nikauzungusha ukae kwenye ufa. Ulipokauka nikamimina tena. Kisha mara ya tatu.

Tanuri lilikuwa limejaa vyungu vya siagi vya kupakiwa melini, nafasi ikabaki karibu na mlango tu, upande usio na moto mkali. Nikaliweka hapo. Lilitoka linang'aa kote ninakoweza kuona, na ndani ya mrija ule mwembamba hakuna jicho la binadamu linaloweza kufika. Nikalijaza maji, nikaliacha mpaka kesho yake. Halikuvuja. Nilifurahi, nikamwita Baba aje alitazame.

Harusi ilikuwa sikukuu ya Malaika Mikaeli, mwishoni mwa Septemba. Jasper alilitunishia kifua jagi langu mara tatu, na mara tatu shati la harusi likalowa. Grace alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

"Kubali, shemeji," nikamwambia. "Sema, Wilmot, nimeshindwa."

"Sisemi ng'o. Nipe muda."

Baada ya wiki tatu akaja kiwandani akiwa amelipakata jagi mbele yake juu ya farasi. Aliweka kidole gumba kwenye jicho la ndege wangu, akaziba vidomo viwili, akanyonya mpaka tone la mwisho. Halafu akanibusu kwenye paji la uso mbele ya vibarua wote.

"Umenitesa," akasema. "Usiku silali, nawaota ndege. Hakuna mfinyanzi kama wewe Devon nzima, na atakayebisha nitapigana naye."

Tangu siku hiyo nikampenda yule mtu. Sijui nisemeje zaidi. Alikuwa na kelele na majivuno, lakini akikusifu alikusifu kwa moyo wote.

Basi Jasper akaacha kunywea chombo kingine chochote. Alilijaza jagi kabla ya kulala na kulinywa asubuhi kabla ya kwenda shambani. Wageni walikuja kutoka mji wa Bideford kumtazama, wakijaribu wao kwanza na kulowa, naye akiwaonyesha mwanamume anavyokunywa. Siri ya jicho la ndege hakumwambia mtu, hata mke wake.

"Na kuna jambo jingine, shemeji," akaniambia wakati wa Krismasi. "Pombe ikilala humo inaamka tamu. Umeweka nini, asali?"

Nikaona ananisifu tena. Nikacheka.

Januari tumbo likamshika. Hakuna aliyeshangaa, maana kwetu kila msimu wa pombe mpya yapo matumbo yanayouma, na watu husema ni matufaha mabichi. Daktari akamtoa damu. Majirani wakamshauri dawa ya siku zote, yaani pombe ya zamani ya moto, na Jasper akainywa kwa wingi, kutoka kwenye jagi lake.

Siku ya Pasaka mimi na Baba tulikula kwao. Jasper alikuwa amekonda, uso una rangi ya majivu, ila mdomo ulikuwa uleule. Alinipitishia sahani ya nyama ya nguruwe juu ya meza. Katikati ya safari kiganja chake kikaanguka, hivi, kana kwamba mtu amekata kamba, na sahani ikapasuka sakafuni.

"Mlevi huyu!" Grace akamchapa bega, akainama kuokota vipande.

"Mlevi na nusu," Jasper akasema, huku akiutazama mkono wake.

Mimi niliutazama pia. Kisha nikamtazama Baba upande wa pili wa meza, naye alikuwa ameshaona. Akainamisha macho kwenye sahani yake.

Njiani tukirudi, mimi nikiendesha mkokoteni, nikamwambia, "Baba, umeona."

"Nimeona mlevi kaangusha sahani."

"Baba."

"Yule hajawahi kugusa pipa letu la risasi, Wilmot. Ni mkulima."

"Amegusa jagi langu." Nikamweleza ufa, na uji niliomimina mara tatu, na mlango wa tanuri. "Haukugeuka kioo kule ndani. Mzito kiasi kile, mahali pale pa baridi, umebaki unga tu. Na pombe chachu inalala humo kila siku ya Mungu. Ndiyo maana inaamka tamu; risasi ikiyeyuka kwenye uchachu huwa tamu."

Tukavuka daraja.

"Ungelivunja," akasema.

"Najua."

"Sasa nisikilize. Ukitoka hapa ukasema jagi moja la Yeo limemlisha mtu risasi, nani atauliza ni lipi? Watavitupa vyombo vyetu vyote. Familia nne zinakula kwenye tanuri lile. Na Jasper ni fahali. Mchezo utamchosha, ataliweka kabatini, atapona."

"Na asipochoka?"

"Atachoka."

Ningeweza kusema Baba alinikataza, lakini huo ungekuwa uongo. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, na yeye alikuwa hawezi kushika hata kijiko. Angenizuia kwa nguvu gani? Nilinyamaza kwa sababu nilijionea huruma. Jagi lile lilikuwa jina langu. Sikutaka watu wajue kwamba niliuona ufa, nikauziba, nikampa mtu kwa tabasamu.

Nikajaribu njia ya panya. Wiki iliyofuata nilikwenda Instow, nikamwomba Jasper aniazime jagi ili ninakili wale ndege. Nilisahau desturi yetu, au nilijifanya nimeisahau: anayelifumbua jagi ndiye mwenye jagi, na mfinyanzi akiliomba tena ni kama amelia mbele ya watu.

"Grace! Grace, njoo umsikie dada yako!" Jasper akapiga kelele. "Kashindwa, sasa anataka kuficha ushahidi!"

"Ona haya, dada," Grace akasema akicheka. Akanivuta pembeni, akanishika mkono na kuuweka tumboni mwake. Mimba ya miezi mitatu. Nilimkumbatia, nikafurahi kweli, nikarudi nyumbani nikijiambia nitasema wiki ijayo. Wiki ijayo ikaja na kupita. Sikukuu ya Pentekoste walitualika, nikatuma ujumbe kwamba nina mafua.

Mwanzoni mwa Julai mchukuzi akaniletea maneno ya Grace. Jasper hawezi kushika fyekeo, majirani wanakuja kumkatia majani ya ng'ombe, njoo unisaidie kupika. Nilivaa aproni nikaondoka. Sikumuaga Baba.

Nilifika saa sita mchana, wakataji wamekaa chini ya ukingo wa miti na mikate yao. Jasper alikuwa katikati yao juu ya kigunia, na jagi liko kati ya magoti yake. Sijui kama ningemtambua barabarani. Viganja vyote viwili vilikuwa vimelala juu ya mapaja yake, vinatazama chini.

"Haya, Jasper, tuonyeshe!" Hannibal Squance, mkataji mwenye tumbo kubwa, alimwambia. "Au ndege wameruka?"

"Ngoja umalize kutafuna, wewe. Utapaliwa."

Akalikumbatia jagi kwa vigasha na kulipeleka mdomoni. Kidole gumba kilitafuta mahali pake, kikateleza, kikatafuta tena. Pombe ikamchuruzikia shingoni. Wale watu wakapiga kelele za kicheko, kwa sababu hawakuwa na ubaya, walidhani anaigiza. Mimi niliona uso wake. Alikuwa akilia, na pombe ndiyo iliyomfichia machozi.

"Liweke chini," nikasema.

"Aha! Mfinyanzi wa jagi kafika!" akasema Hannibal. "Dada Wilmot, mwanafunzi wako kafeli."

"Jasper, liweke chini. Jagi lina sumu."

Wakacheka zaidi. Mmoja akasema, miezi tisa hajasahau kushindwa, mwanamke huyu ana kinyongo. Jasper mwenyewe akatikisa kichwa.

"Shemeji, leo siyo siku yake," akasema kwa upole. "Nimebakiwa na mchezo huu mmoja tu. Usininyang'anye."

Nililinyakua. Mikono yake haikuwa na nguvu ya kulishika. Nililibamiza kwenye ukingo wa chuma wa gurudumu la mkokoteni, mara ya kwanza likapoteza shingo, mara ya pili kishikio kikapasuka kwa urefu. Nikakiokota nikampelekea Hannibal puani.

"Cheka sasa. Pitisha kidole humo."

Akapitisha. Kidole kikatoka cheupe, kimejaa unga uliolowa. Mfinyanzi au si mfinyanzi, mtu yeyote angejua kwamba mahali pale palitakiwa kuwa kioo.

Nikasema yote. Nilisema nimesimama, kwa sauti ya kusikika, ufa na uji na tanuri na mikono ya baba yangu. Hakuna aliyecheka. Hannibal alikuwa akifuta kidole kwenye majani, anafuta tu, hata kilipokuwa kimetakata. Jasper alitazama vigae vya jagi lake, akauliza swali moja.

"Nitapona?"

"Ukiacha kunywa humo, tumbo litapoa. Mikono sijui. Ipo iliyorudi."

"Basi si haba," akasema. "Ungekuja tu kunambia, Wilmot. Ningekucheka, lakini ningeacha."

Hapo ndipo nilipomwona Grace. Alikuwa amesimama nyuma yangu na kapu la mikate, tumbo limeshamtangulia. Sijui alifika lini.

"Na mtu akinywa kidogo tu?" akauliza.

"Kidogo kiasi gani?"

"Kikombe hivi. Kila asubuhi, huyu akiwa zizini."

Sikuelewa, au sikutaka kuelewa. "Nani anakunywa? Hakuna anayeliweza zaidi ya Jasper."

"Mimi naliweza." Akaweka kapu chini. "Lilinichukua siku nyingi, lakini jicho la ndege nililipata mwenyewe. Nilitaka siku ya kumaliza mavuno ninywe mbele ya watu wote, nimwaibishe. Na mikono yake ilivyokuwa inamshinda, nikasema nitakuwa namshikia jagi yeye anywe." Akamtazama mumewe. "Pombe yake ilikuwa tamu. Mimi siku hizi kichefuchefu hakinipi nafasi, hiyo tu ndiyo iliyokuwa inakaa tumboni."

Jasper akajaribu kusimama, akashindwa, akabaki amepiga magoti.

Grace amekulia kiwandani kwetu. Hakuhitaji mtu wa kumweleza. Kati yangu na yeye mama yetu alizika watoto watatu waliozaliwa kabla ya siku zao, na baada ya wa tatu ndipo Baba alipomtoa kwenye pipa la risasi, na ndiyo sababu Grace yupo duniani. Jambo hilo kwetu halisemwi mezani, lakini hakuna mwanamke wa kazi yetu asiyelijua.

"Ulijua lini?" akaniuliza.

Ningeweza kumdanganya. Aliyejua alikuwa Baba peke yake, na Baba asingesema. Ningesema nimegundua asubuhi ile ile, nikakimbia.

"Pasaka," nikasema. "Sahani ilipoanguka."

Midomo yake ilikuwa inacheza kidogo, na nikajua anahesabu wiki.

"Mimi nilianza kunywa Pentekoste," akasema. "Siku uliyosema una mafua. Nilikuwa nimeudhika hukuja, nikakaa na jagi lako mchana kutwa kujiliwaza, mpaka jicho nikalipata."

"Mdogo wangu," nikamnyooshea mkono.

"Nenda nyumbani, Wilmot."

Hakupandisha sauti. Alikwenda kupiga magoti kando ya Jasper, akaanza kumfuta shingo kwa aproni yake, na wakataji wakasimama mmoja mmoja wakarudi kwenye majani bila kunitazama. Nilitembea mpaka Fremington na kishikio mkononi, sikumbuki hata njia niliyopita.

Mtoto alizaliwa Agosti, kabla ya siku zake, na hakulia. Habari niliipata kwa mwanamke wa Instow aliyekuja kununua chungu cha maziwa, aliyedhani kwamba mimi, dada mtu, nilikuwa nimeshaambiwa.